Je, Ulinganifu wa Lorentz Unaweza Kukiukwa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayojitokeza kila linapozungumzwa suala la kuipima misingi ya anga na wakati. Majibu yameandikwa kwa ajili ya msomaji aliyesoma fizikia ya sekondari, hata kama ameisahau kitambo. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe haliwezi kufupishwa bila kupotoshwa.

Ulinganifu wa Lorentz ni kitu gani hasa?

Ni kanuni inayosema kwamba sheria za fizikia hazibadiliki kwa sababu ya upande ambao maabara imeelekea, wala kwa sababu ya mwendo wa maabara hiyo, mradi mwendo wenyewe uwe wa kasi moja na wa mstari ulionyooka. Ukipima urefu wa wimbi la nuru itokayo kwenye atomu za hidrojeni huku chombo chako kimeelekea kibla, kisha ukakigeuza kuelekea kusini, utapata namba ileile. Ukikifunga chombo hicho ndani ya behewa la treni inayokwenda bila kuyumba wala kuongeza mwendo, namba bado ni ileile.

Sehemu hizi mbili, ya upande na ya mwendo, zikiunganishwa ndizo zinazoufanya wakati na anga kuwa kitu kimoja tunachokiita hapa anga-wakati, na ndizo zinazoifanya kasi ya nuru katika ombwe, ambayo ni kilomita 299,792.458 kwa sekunde, iwe sawa kwa kila mpimaji. Jina linatokana na Hendrik Antoon Lorentz, mwanafizikia wa Uholanzi aliyechapisha milinganyo yake mwaka 1904. Mwaka uliofuata Albert Einstein alionyesha kwamba milinganyo hiyo inatokana na namna tunavyopaswa kuuelewa wakati wenyewe, wala haihitaji etha, yaani ile maada iliyodhaniwa kuwa imejaa angani ili kuibeba nuru.

Kwa nini wanafizikia wanaishuku kanuni ambayo haijawahi kushindwa?

Wengi wao hawaishuku. Wanaipima, na kupima ni jambo tofauti na kushuku. Ulinganifu ni dai kuhusu jinsi ulimwengu ulivyo, na dai la namna hiyo huwa na nguvu kwa kadiri lilivyojaribiwa, si kwa kadiri linavyopendeza kwenye karatasi.

Historia ya karne iliyopita inatoa sababu nzuri ya kuwa waangalifu. Hadi mwaka 1956 karibu kila mwanafizikia aliamini kwamba maumbile hayatofautishi kulia na kushoto, yaani kwamba tukio lolote la kifizikia likitazamwa kwenye kioo linaonyesha tukio jingine linaloweza kutokea kweli. Tsung-Dao Lee na Chen Ning Yang waliyapitia majaribio yote yaliyokuwapo wakagundua kwamba, kwa upande wa nguvu dhaifu ya nyuklia, hakuna aliyewahi kulijaribu dai hilo. Chien-Shiung Wu na wenzake walizipoza atomu za kobalti-60 hadi karibu na sifuri halisi ya halijoto, wakavielekeza viini vyake upande mmoja kwa sumaku, na kuhesabu elektroni zilizotoka. Elektroni zilipendelea kutoka upande mmoja. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 1957 ulinganifu wa kioo ulikuwa umeanguka. Mwaka 1964 James Cronin na Val Fitch, wakifanya kazi Brookhaven nchini Marekani, walionyesha kwamba hata ulinganifu uliotarajiwa kuziba pengo hilo, ule wa kugeuza kioo na chaji kwa pamoja, nao hukiukwa na chembe ziitwazo kaoni. Kanuni mbili zilizoaminiwa kwa sababu tu hakuna aliyeziuliza swali zilianguka ndani ya miaka minane.

Sababu ya pili inatoka kwenye nadharia. Hatuna bado maelezo yanayokubalika ya jinsi uvutano unavyoungana na fizikia ya kwanta, yaani ile ya vitu vidogo kama atomu na chembe zake. Muungano huo unatarajiwa kuonekana wazi kwenye nishati ya Planck, ambayo ni kubwa kuliko nishati ya migongano ya mtambo mkubwa wa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, kwa takriban mara trilioni 900, kwa hiyo hakuna mtambo utakaotufikisha huko. Mwaka 1989 Alan Kostelecký na Stuart Samuel walionyesha kwamba katika nadharia ya nyuzi, inayozichukulia chembe kuwa nyuzi ndogo mno zinazotikisika, inawezekana ombwe lenyewe likajikuta limechagua upande fulani, na kwamba athari yake, ingawa ni hafifu mno, ingeweza kuonekana kwenye nishati za kawaida. Kwa maoni yangu hili ndilo wazo lililoubadilisha uwanja huu: swali lililoonekana kuwa la karatasi peke yake likawa swali la maabara.

Ukiukwaji huo ungekuwa na sura gani?

Mabaharia wa pwani yetu wanajua kwamba wakati wa kaskazi pande za bahari haziwi sawa. Jahazi likitoka Lamu kwenda Kilwa linasukumwa, na likirudi linashindana na upepo, hata nahodha aliyefungwa kitambaa machoni angeweza kuutambua upande wake kwa jinsi chombo kinavyokwenda. Ulinganifu wa Lorentz ukiwa umekiukwa, maana yake ni kwamba kuna kitu mfano wa kaskazi kilichoenea katika ulimwengu wote, ndani ya ombwe lenyewe, na chenye upande wake maalumu kati ya nyota. Mfano huu una mpaka. Upepo ni hewa inayotembea, na hewa huzuiliwa kwa ukuta. Usuli tunaouzungumzia, yaani hicho kitu kilichoenea ndani ya ombwe, hauzuiliki, wala hauwezi kugeuzwa. Kinachowezekana ni kuigeuza maabara ndani yake.

Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa hiyo nalisema kwa msisitizo. Kuigeuza ramani mezani hakumbadilishii nahodha upepo wake. Kukigeuza chombo ndiko kunakobadilisha safari. Vivyo hivyo, kubadilisha namna mpimaji anavyochora mihimili yake hakubadilishi jambo lolote, hata katika ulimwengu ambao ulinganifu umekiukwa. Kinacholeta tofauti ni kukizungusha kifaa chenyewe, au kukiongezea mwendo, huku usuli ukibaki ulivyo.

Dalili zinazotafutwa ni za aina nyingi. Nishati ya elektroni inaweza kutofautiana kidogo kulingana na upande ambao sumaku yake ndogo imeelekea. Nuru inaweza kwenda kwa kasi zinazotofautiana kidogo katika pande mbili. Fotoni, yaani chembe za nuru, zenye nishati kubwa zinaweza kuchelewa nyuma ya zile zenye nishati ndogo. Nutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji, zinaweza kubadilika kutoka aina moja kwenda nyingine kwa namna isiyotarajiwa.

Mtu anapimaje kitu ambacho hajui kitajitokeza wapi?

Kwa kuandika uwezekano wote mapema. Mwaka 1997 na 1998 Don Colladay na Alan Kostelecký, katika Chuo Kikuu cha Indiana, walichukua milinganyo ya chembe zote zinazojulikana na kuiongezea kila kipande cha kihisabati kinachoweza kuwakilisha usuli wenye upande. Mfumo huo unaitwa Upanuzi wa Modeli Sanifu (Modeli Sanifu ndilo jina la milinganyo ya awali), na mwaka 2004 Kostelecký aliuongezea uvutano. Kila kipande kina koefisienti yake, yaani namba inayoonyesha ukubwa wake, na ulinganifu ukiwa timilifu koefisienti zote ni sifuri.

Faida yake ni kwamba majaribio yasiyofanana kabisa, kama vile saa ya atomu iliyoko Ujerumani na darubini iliyoko Namibia, yanaweza kuandikwa kwenye jedwali moja. Jedwali hilo limekuwa likichapishwa tangu mwaka 2008 na kuongezewa matokeo mapya mara kwa mara. Inafaa kukumbuka kwamba elektroni ina koefisienti zake, protoni zake na nutrino zake. Jaribio la nuru, liwe sahihi kiasi gani, halitoi habari kamili ya nutroni. Anayesema kwamba "ulinganifu umeshathibitishwa" anapaswa kuulizwa: kwa chembe gani, na kwa upande gani?

Jaribio la Michelson na Morley linahusianaje na haya yote?

Ndilo babu yao. Mwaka 1887, mjini Cleveland, Albert Michelson na Edward Morley waliweka vioo juu ya bamba la jiwe lililoelea kwenye zebaki, wakaigawa nuru katika njia mbili zenye pembe mraba, kila moja ikiwa na urefu wa takriban mita 11 baada ya nuru kurudishwa na vioo mara kadhaa. Dunia inalizunguka Jua kwa kilomita 30 hivi kwa sekunde. Kama etha ingekuwapo, kulizungusha jiwe kungeisogeza michirizi ya mwanga, inayotokea njia hizo mbili zinapokutana tena, kwa takriban sehemu 0.4 ya upana wa mchirizi mmoja. Walichokiona hakikufika hata sehemu ya 20 ya kiasi hicho.

Wao walikuwa wakiitafuta etha, si ukiukwaji wa ulinganifu ambao ulikuwa haujapewa jina. Hata hivyo, mbinu yao ya kugeuza kifaa, kulinganisha njia mbili na kutafuta badiliko linalofuata mzunguko ndiyo inayotumika hadi leo.

Majaribio ya leo hufanywaje maabarani?

Kwa kawaida nuru au mawimbi ya redio hufungiwa ndani ya kishimo chenye vioo au ndani ya fuwele, na kupigwa huku na huku kwa marudio maalumu kwa sekunde. Marudio hayo hutegemea urefu wa kishimo na kasi ya nuru katika upande huo. Vishimo viwili huwekwa kwa pembe mraba juu ya meza inayozunguka, na tofauti ya marudio yao hufuatiliwa. Mwaka 1979 Alain Brillet na John Hall walifika usahihi wa takriban sehemu moja katika trilioni elfu moja kwa kutumia leza. Mwaka 2009 makundi mawili ya Ujerumani yalifika mara mia moja zaidi ya hapo, na mwaka 2015 watafiti wa Berlin pamoja na wa Australia Magharibi, wakitumia fuwele za yakuti samawi zilizopozwa kwa baridi kali, walifika sehemu moja katika bilioni moja mara bilioni moja. Ni sawa na kuupima umbali wa kutoka Dunia hadi Jua na kukosea kwa chini ya sehemu ya elfu ya milimita.

Saa za atomu hutoa njia nyingine. Mjini Braunschweig, Ujerumani, saa mbili zinazotumia ayoni za iterbiamu ziliwekwa atomu zake zikiwa zimeelekea pande tofauti na kulinganishwa katika kipindi cha miezi sita. Kama umbo la mwendo wa elektroni lingetegemea upande, saa hizo zingepishana kila Dunia ilipozunguka. Hazikupishana, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yaliukaza mpaka wa elektroni, yaani kiwango cha juu ambacho ukiukwaji unaweza kuwa nacho bila kuonekana, kwa takriban mara mia moja.

Ugumu mkubwa hauko kwenye kupata namba ndogo, bali kwenye kujua namba hiyo inatoka wapi. Maabara ina joto la mchana na baridi ya usiku. Umeme wa mji hupanda na kushuka. Watu huingia asubuhi na kutoka jioni. Mambo hayo yote hufuata saa 24 za Jua, na kila moja linaweza kujifanya kuwa dalili. Lakini upande uliotulia kati ya nyota haufuati Jua. Dunia hurejea mbele ya nyota zilezile baada ya saa 23, dakika 56 na sekunde 4, ndiyo maana kila nyota huchomoza takriban dakika nne mapema kuliko jana yake. Wahenga wetu walilijua jambo hili kwa kukitazama Kilimia, kundi la nyota lililowaongoza wakulima, wakasema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Msemo huo unawezekana kwa sababu ya zile dakika nne tu, zinazojumlishwa siku baada ya siku hadi majira yanageuka.

Dalili ya kweli, basi, lazima ifuate saa ya Kilimia. Katika siku moja au mbili hakuna anayeweza kuitenga saa hiyo na saa ya Jua. Baada ya miezi sita zimepishana kwa saa 12, na kilichokuwa kikitokea mchana sasa kinapaswa kutokea usiku. Badiliko linaloendelea kushikamana na mchana ni la chumba. Hii ndiyo sababu majaribio haya huendeshwa kwa miezi mingi, na ndiyo sababu tangazo la ugunduzi linalotegemea data ya wiki chache halipaswi kupokelewa kwa haraka.

Je, mahali ilipo maabara pana maana?

Ndiyo, kuliko inavyodhaniwa. Mzunguko wa Dunia huzungusha kila upande isipokuwa ule unaolingana na mhimili wake, kwa hiyo sehemu ya usuli iliyoelekea sambamba na mhimili haileti badiliko la kila siku, na huhitaji meza inayozunguka au mbinu nyingine ili ionekane. Katika nchi za kaskazini mhimili huo hupanda kwa pembe kutoka sakafuni. Kwenye ikweta, kwa mfano Nanyuki, mstari wa kaskazini na kusini ulioko sakafuni uko sambamba kabisa na mhimili wa Dunia, na mstari wa mashariki na magharibi hufagia duara zima kila siku ya nyota. Kishimo kimoja kingetulia na kingine kingezunguka bila injini yoyote. Kasi itokanayo na mzunguko wa Dunia nayo ni kubwa zaidi hapo, takriban mita 465 kwa sekunde. Nchi zinazopitiwa na ikweta zina nafasi ya kijiometria ambayo Berlin haina, na ningependa vyuo vyetu vilijue hilo.

Je, ni lazima kuwa na mitambo ya gharama kubwa?

Si lazima, angalau haikuwa lazima hapo awali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Vernon Hughes na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale, na Ronald Drever nchini Uskoti, waliuliza, kila mmoja kivyake, kama tungamo la kiini cha atomu ya lithi-7 linategemea upande. Drever alilifanya jaribio lake kwenye bustani ya nyumbani, akitumia betri za gari na sumaku ya Dunia yenyewe, huku akifuatilia mstari wa mwangwi wa viini, yaani marudio ambayo viini huyaitikia ndani ya sumaku, kwa saa 24 kuona kama utagawanyika au utapanuka. Haukugawanyika. Matokeo ya wawili hao yalikuwa miongoni mwa yaliyo sahihi kuliko yote ya wakati wao, na Drever huyohuyo baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa LIGO, mradi uliogundua mawimbi ya uvutano.

Kwa nini nyota za mbali hutumika?

Kwa sababu umbali hufanya kazi ambayo maabara haiwezi. Tofauti ndogo ya kasi kati ya fotoni mbili, ambayo hapa duniani isingeonekana kabisa, hujikusanya katika safari ya mabilioni ya miaka. Tarehe 10 Mei 2009 darubini ya Fermi ilipokea mlipuko wa miali ya gama uliosafiri kwa zaidi ya miaka bilioni 7. Ndani yake mlikuwa na fotoni yenye nishati ya gigaelektroni-volti 31, zaidi ya mara bilioni 10 ya nishati ya fotoni tunazoziona kwa macho, nayo ilifika chini ya sekunde moja baada ya mlipuko kuanza kuonekana. Kama anga-wakati ungeichelewesha fotoni kwa uwiano wa moja kwa moja na nishati yake, athari hiyo ingelazimika kuanzia juu ya nishati ya Planck. Mlipuko wa tarehe 9 Oktoba 2022, uliotokea umbali wa miaka ya nuru bilioni 2 hivi na kuipatia LHAASO, kituo kilichoko milimani Sichuan nchini China, zaidi ya fotoni 60,000, uliupandisha mpaka huo hadi takriban mara 10 ya nishati ya Planck.

Afrika nayo imo katika kazi hii. Mnamo Julai 2006 darubini za H.E.S.S. nchini Namibia zilinasa mwako mkali wa galaksi iitwayo PKS 2155-304, na data yake ikatumika kuweka mpaka wa aina hiyohiyo.

Njia hii ina udhaifu wake: hatujui kama fotoni zote zilitoka kwa pamoja. Chanzo chenyewe kinaweza kutoa nishati ndogo kwanza na kubwa baadaye. Dawa ni kukusanya vyanzo vingi vyenye umbali tofauti, kwa sababu ucheleweshaji wa anga-wakati lazima ukue kwa jinsi umbali unavyokua, na ule wa chanzo hauna sababu ya kufanya hivyo.

Kuna pia kipimo cha upolarishaji. Kama ombwe lingeipitisha nuru kwa kasi mbili kulingana na upande wa mtikisiko wake, nuru ya galaksi za mbali ingefika ikiwa imevurugika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba athari hiyo, kama ipo, haizidi takriban sehemu moja katika namba ya 1 yenye sifuri 32. Na tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya uvutano ya nyota mbili za nutroni zilizogongana yalifuatwa na miali ya gama baada ya sekunde 1.7, baada ya safari ya takriban miaka milioni 130. Kwa tukio hilo moja, kasi ya uvutano na kasi ya nuru zikajulikana kuwa sawa hadi sehemu chache katika trilioni elfu moja.

Haikuwahi kutangazwa kwamba nutrino zimeishinda nuru?

Ilitangazwa, mnamo Septemba 2011. Kundi la OPERA lilipima nutrino zilizotoka CERN kwenda Gran Sasso nchini Italia, umbali wa kilomita 730 hivi chini ya ardhi, na kuzikuta zimefika nanosekunde 60 mapema kuliko nuru ingefika. Wahusika hawakudai kwamba wamempindua Einstein. Waliwaomba wenzao wawasaidie kutafuta kosa.

Kulikuwa na sababu ya wasiwasi tangu mwanzo. Mnamo Februari 1987 nutrino za supanova, yaani nyota iliyolipuka, iliyoko umbali wa miaka ya nuru takriban 168,000 zilifika saa chache tu kabla ya nuru yake, kwa kuwa nuru ilichelewa kutoka ndani ya nyota. Kama nutrino zingekuwa na kasi iliyotajwa na OPERA, zingefika zaidi ya miaka minne mapema. Nishati zao hazikuwa sawa, kwa hiyo hoja hii haikufunga mjadala peke yake, lakini ilikuwa nzito. Mwaka 2012 kosa likapatikana: waya wa nyuzi za nuru uliopeleka saa ya setilaiti kwenye kompyuta haukuwa umekazwa vizuri. Vipimo vipya, vikiwamo vya kundi la ICARUS lililoko Gran Sasso vilevile, vilikuta nutrino hazikuizidi nuru.

Wapo wanaolisimulia tukio hili kama aibu. Mimi naliona kinyume chake. Watu walipata jibu wasilolielewa, wakalitoa hadharani pamoja na njia yao yote, na ndani ya miezi michache lilikuwa limesahihishwa.

Antimata inahusika vipi?

Kuna nadharia ya kihisabati, iitwayo ya CPT, inayosema kwamba ukibadilisha chaji, ukageuza kioo na kurudisha wakati nyuma, vyote kwa pamoja, sheria za fizikia hubaki zilivyo. Kwa sababu hiyo chembe na antichembe yake, yaani pacha wake wa antimata mwenye chaji iliyo kinyume, lazima ziwe na tungamo sawa. Mwaka 2002 Oscar Greenberg alithibitisha kwamba, katika nadharia za kwanta za kawaida, CPT ikikiukwa basi ulinganifu wa Lorentz nao umekiukwa. Kwa hiyo kuilinganisha maada na antimata ni njia nyingine ya kuuliza swali letu.

Kazi hiyo hufanywa CERN. Kundi la BASE lilionyesha mwaka 2022 kwamba uwiano wa chaji na tungamo wa protoni na wa antiprotoni ni sawa hadi sehemu 16 katika trilioni. Kundi la ALPHA limepima rangi za nuru zinazofyonzwa na antihidrojeni, na mwaka 2023 likaonyesha kwamba atomu hizo zikiachiliwa huanguka chini kama vitu vingine. Usahihi wa kipimo hicho cha kuanguka bado ni mdogo, na hapo pana kazi ya kufanya.

Kama hakuna kilichopatikana, tumejifunza nini?

Tumejifunza namba. Kabla ya vipimo hivi, mtu aliweza kupendekeza kwamba anga-wakati una chembechembe zinazoichelewesha nuru kwa kiwango cha nishati ya Planck, na hakuna aliyeweza kumjibu. Leo toleo rahisi la pendekezo hilo limefutwa na fotoni za milipuko miwili. Anayejenga nadharia ya uvutano wa kwanta anajua ni milango ipi imefungwa, na kwa kiasi gani. Napenda kuyatetea matokeo haya kwa sababu mara nyingi huripotiwa kwa maneno "hawakuona kitu", ilhali kupima kwa mwaka mzima hadi sehemu moja katika bilioni moja mara bilioni moja na kuweza kusema kwa uhakika kwamba hapa hakuna kitu ni kazi kubwa kuliko matangazo mengi ya kuona.

Pia milango haijafungwa yote. Baadhi ya koefisienti, hasa zinazohusu uvutano na zile za chembe zinazoishi kwa muda mfupi sana, zina mipaka iliyolegea sana ikilinganishwa na za nuru na elektroni.

Ukiukwaji ukipatikana, etha itakuwa imerudi?

Hapana. Etha ilikuwa maada ya kuibeba nuru, na ilitarajiwa kuathiri nuru kwa kiwango kikubwa. Usuli unaotafutwa leo ungekuwa tabia ya ombwe lenyewe, hafifu mno, na ungeweza kuigusa chembe moja na kuiacha nyingine.

Na je, simu zetu zitatupoteza njia?

Hazitatupoteza. Saa za setilaiti za GPS hukimbia mbele ya zetu kwa takriban mikrosekunde 38 kila siku kwa sababu ya nadharia za Einstein, na bila marekebisho mahali pangekosewa kwa takriban kilomita 10 kwa siku. Marekebisho hayo yamejaribiwa kila saa kwa miongo kadhaa na yanafanya kazi. Ukiukwaji wowote uliobaki umejificha chini ya mipaka iliyotajwa hapo juu, mbali sana chini ya kile ambacho saa hizo zinaweza kukihisi.